Mtetezi wa Maadui

Katika banda la video la Nyakunguru palikuwa na sheria moja ambayo sijaikuta katika kitabu chochote cha maadili, ingawa nimesoma vingi: adui hahukumiwi mpaka apatikane mtu wa kumtetea. Aliyeitunga sheria hiyo alikuwa mwenye banda mwenyewe. Kila mtu alimwita Mtafsiri, nami nitamwita hivyo hivyo. Ukoo wake wanaujua wazee wa ukoo wake, na siku aliyozaliwa sidhani kama yupo aliyeiandika. Mimi nilimjua kwa miaka ishirini hivi, nikiwa mwalimu wa historia katika sekondari ya jirani, na ninaandika habari zake kwa sababu mwaka huu, masika yalipokwisha, alinitaka nisimame nimtetee yeye.

Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, akiwaeleza watu kwa Kiswahili yale ambayo Wazungu na Wachina walikuwa wakisemezana ndani ya kioo. Banda lilikuwa la mabati matupu, na mvua ikinyesha hakuna aliyesikia kitu ila yeye, kwa kuwa alizidisha sauti mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Waliokaa katika mabenchi yake walikuwa vijana wa maduara, yaani mashimo ambamo wachimbaji wadogo huufuata mwamba wa dhahabu kwa sururu na kamba. Wengine waponda mawe. Wengine wakulima waliopanda kutoka Kemambo siku ya soko. Wachungaji wa ng'ombe waliacha fimbo na mapanga mlangoni kwa amri yake. Aliyebisha aliambiwa: "Ndani humu wanaopigana wameshaajiriwa."

Hakujua Kiingereza. Ilinichukua miaka miwili kulitambua jambo hilo, na nilipolitambua nilikasirika kama mtu aliyeuziwa mbegu iliyooza. Ujanani alipakia mizigo mpakani Sirari, akaokota kwa madereva na mawakala wa forodha maneno machache ya kuulizia makaratasi, na kwa mtaji huo alitafsiri filamu za lugha nne. Nilimfuata asubuhi moja akiwa anapangusa vumbi juu ya deki.

"Shikamoo, mzee. Yule mwanamke wa filamu ya jana hakusema maneno uliyomsemea. Alisema anauza nyumba. Wewe ukasema anamlilia mumewe."

"Marahaba, Mwalimu. Alikuwa anauza nyumba?"

"Ndiyo."

"Uliyaona macho yake?"

"Niliyaona."

"Mtu anauza nyumba tu, analia vile?" Hakuacha kupangusa. "Wewe unasikiliza mdomo. Mimi nasoma uso. Uso hauna Kiingereza."

Niliiazima diski ile niende nikaitazame upya nyumbani kwa nia ya kumshinda. Mume alikuwa amekufa, na nyumba iliyouzwa ilikuwa yake. Sikumwambia.

Hakuweza kuchinja hata kuku. Mgeni akija, alimbeba kuku kwa miguu mpaka kwa jirani, akasubiri nje akiangalia barabara. Lakini panga la mtu likipita shingoni mwa mtu ndani ya kioo, alilitolea mlio kwa ulimi wake kwa utamu uliowafanya watu wazima washike shingo zao. Siku koo mbili zilipopigana kwa mishale juu ya ng'ombe walioibwa, alifunga banda wiki nzima. Vijana walipomlalamikia alisema, "Wiki hii watu wamejionea wenyewe." Aliyejulikana kumpiga mkewe alilazimishwa kukaa benchi la mbele, sikio juu ya spika. "Akae na kelele zake," alisema. Na bado mke wake mwenyewe alimwacha, si kwa kipigo bali kwa kimya. Mtu aliyesema kwa sauti za watu thelathini kutwa nzima alikuwa akifika kwake anakuwa kama mlango uliofungwa. Mama huyo aliniambia bila chuki, "Nilikuwa naenda bandani kumsikia mume wangu."

Lakini tabia yake iliyonigusa vibaya kuliko zote ilikuwa kukata miisho.

Ilijulikana kote, tangu Nyakunguru hadi mpakani, kwamba katika banda la Mtafsiri steringi hafi. Steringi ndilo jina ambalo watu wetu humpa mhusika mkuu, yule wa upande wa haki. Anayempinga huitwa adui, awe jambazi, mfalme au daktari. Filamu ikiwa na ujasiri wa kumuua steringi wake, Mtafsiri aliizima dakika chache kabla, akawasha taa, akasema kwa sauti tulivu ya mtu anayetangaza matokeo: "Akabebwa hospitali, akapona, akaoa." Watu wakasimama, wakajipangusa, wakaenda zao. Nilimwambia mara nyingi kwamba huo ni uongo, na kwamba taifa lililolishwa miisho ya uongo halitaweza kuuangalia mwisho wake lenyewe. Nilikuwa nikipenda kusema hivyo. Niliyasema hayo hata kwenye mahafali.

"Mwalimu," alinijibu siku moja, "hawa wa benchi la kati wametoka kuzika Jumanne. Duara liliwashukia wenzao. Unataka niwape maiti mwingine Jumamosi?"

"Nataka uwape ukweli."

"Ukweli wanao kwao."

 

Sasa nieleze kuhusu ubao. Alikuwa na bati moja pana alilolipaka rangi nyeusi, akalisimamisha nyuma ya televisheni, akalipiga mstari katikati. Kushoto aliandika kwa chaki masteringi kumi wakubwa kuliko wote, kulia maadui kumi. Majina halisi hayakujulikana, kwa hiyo alitunga yake: Fundi Saa, Dereva wa Treni, Mwenye Glovu, Mama wa Gerezani. Jumapili alasiri, watu wakishatoka ibadani, filamu haikuonyeshwa. Palikaliwa ritongo. Ritongo kwa Wakurya ni baraza la wazee linalokaa kusikiliza shauri zito, mara nyingi la wizi wa ng'ombe, na Mtafsiri aliliiga bila kupunguza kitu: msemaji alishika fimbo, wengine walinyamaza, na kila hoja ilipokwisha aliuliza, "Imesikika?" nao wakaitika, "Imesikika." Kuitika hakukuwa kukubali. Kulikuwa kukiri kwamba maneno ya mtu yamefika. Nimehudhuria vikao vya wasomi ambavyo vingefaidika na adabu hiyo.

Na hapo ndipo sheria ilipofanya kazi. Hakuna adui aliyepandishwa au kushushwa bila mtetezi, na mtetezi hakuruhusiwa kusema uongo. Alitakiwa atafute jambo la kweli, hata likiwa dogo, la kumfaa mshitakiwa. Wengi waliiogopa kazi hiyo. Mimi niliikataa daima. Nilisema haistahili mlezi wa vijana kuutafutia uovu visingizio. Mtafsiri hakunilazimisha. "Kila mtu na benchi lake," alisema.

Aliyeipenda ni Marwa, mtoto wa dada yake. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, mchimbaji, mwenye mdomo mwepesi na mabega mazito. Nilikuwa nimemfundisha miaka minne bila kumfundisha chochote, maana alikuwa akiuliza kinyume cha kila nilichosema. Nakumbuka Jumapili aliposimama kumtetea Mwenye Glovu, adui aliyekuwa akiendesha ghala la silaha na kuua kwa mkono wa kushoto.

"Wazee," alianza, fimbo mkononi, "huyu mtu ana wafanyakazi arobaini. Wanakula. Wana sare. Steringi ana nini? Ana jaketi."

Watu walicheka. Mtafsiri aligonga meza.

"Kwa Mwenye Glovu watu wanabisha hodi. Steringi ameingia kwa dirisha. Nauliza, kwetu hapa, mtu akiingia kwako kwa dirisha usiku, tunamwitaje?"

"Mwizi," waliitika.

"Ameingia kwa dirisha, amechoma ghala. Wale arobaini kesho waende wapi? Waje kwenye maduara yetu? Nafasi ziko wapi?"

"Mura, wewe ungetetea hata fisi," mponda mawe mmoja alimtupia, mura likiwa neno la Kikurya la kumwita kijana.

"Fisi ana watoto," Marwa alisema, akakabidhi fimbo.

"Imesikika?"

"Imesikika." Mwenye Glovu alishushwa kutoka nafasi ya kwanza hadi ya tatu.

Mjadala wa nafasi ya kwanza ya masteringi ulikuja majuma machache baadaye, nao ndio unaonihusu. Vijana walimtaka Fundi Saa kwa sababu ya idadi. Walikuwa wamehesabu maiti zake kwa vidole na kwa vijiti, na walikuwa tayari kuapa. Nilisimama, nikashika fimbo, nikasema kwa kirefu kwamba ushujaa haupimwi kwa walioanguka mbele yako bali kwa wale uliorudi kuwachukua. Nikamtaja Dereva wa Treni. Mtu huyo hakuua hata mmoja. Behewa lilipowaka moto yeye alikwisha kutoka, alikwisha kuuona mlima na jua, kisha akasikia mzee mkata tiketi akiita ndani, akarudi. Mtafsiri alikuwa ameizima filamu ile hapo hapo, mlango wa behewa ulipomfunika. Akapona, akaoa.

Marwa aliiomba fimbo.

"Mwalimu, shikamoo. Mimi sibishani na kitabu. Nasema ya duarani. Duarani tunasema, ukishatoka umetoka. Mmoja akibaki ni msiba mmoja. Ukirudi ni misiba miwili, na mama wawili. Huyo Dereva si steringi. Huyo ni mtu asiyejua hesabu."

"Imesikika?"

"Imesikika," waliitika, na kwa uzito uliozidi kawaida, kwa kuwa wengi walikuwa watu wa mashimoni nao walijua kwamba amesema sheria yao.

Nilirudishiwa fimbo. "Na aliyebaki chini akikuita kwa jina lako, Marwa? Si kupiga kelele tu. Jina lako."

Aliiangalia fimbo mkononi mwangu. Kisha akacheka. "Nitajifanya sijasikia, Mwalimu."

"Basi jina lako litakaa upande wa kulia wa ubao ule, na safari hii hutapata mtetezi."

Banda lililipuka kwa kicheko, naye alicheka pamoja nao, akiinua mikono kama mtu aliyekamatwa. Mtafsiri alifuta jina la Fundi Saa kwa kiganja, akaandika Dereva wa Treni. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeridhika. Nilikuwa nimeshinda hoja mbele ya watu wasiosoma, jambo ambalo ni gumu kuliko kushinda mbele ya waliosoma, na nililiona kuwa tendo jema.

Duara la akina Marwa lilishuka mwaka uliofuata, Jumamosi mchana, baada ya mvua za siku tatu. Matimba, yaani nguzo za miti zinazozuia kuta, yalikuwa yamelowa. Walikuwa wanne chini. Watatu walitoka, Marwa akiwa mmojawapo. Wa nne alisikika akiita. Mtafsiri alikuwepo mdomoni mwa shimo. Alikuwa amepita kuwaambia vijana ni adui gani atakayejadiliwa kesho yake, kama alivyokuwa akifanya kila Jumamosi. Marwa alijifunga kamba kiunoni, akampa mjomba wake ncha ya pili, akashuka. Udongo ukashuka nyuma yake.

Mtafsiri ndiye aliyekwenda kumwambia dada yake jinsi mwanawe alivyokufa. Nilikuwa miongoni mwa waombolezaji, nikayasikia maneno. Alipiga goti moja mbele ya mama yule, akasema: "Jiwe lilimpiga mara moja. Hakusema neno. Hakujua." Waliotoka shimoni walikuwa wamesimama nyuma yake, nao waliinamisha vichwa. Mama Marwa aliuliza, "Hakuniita?" Akajibu, "Hakupata muda." Mama akashusha pumzi. Katika miaka iliyofuata nilimsikia akiwaambia wanawake wengine waliofiwa kwamba Mungu alimhurumia mwanawe, kwa kuwa hakujua. Aliyashika maneno hayo kama mtu anavyoshika ukuta gizani.

Mtafsiri alirudi bandani mara moja tu. Alifuta upande wote wa kushoto wa ubao. Upande wa kulia aliuacha. Kisha akauza deki na jenereta. Wakati huo simu zilikuwa zimeanza kuingia mifukoni, na watu wakasema kwamba amefanya biashara ya akili, ameuza mapema. Alihamia Kemambo, akalima mahindi na mihogo karibu na boma la dada yake, akawa anambebea maji na kuni kila asubuhi. Sauti zote thelathini zilikwisha. Aliyemjua bandani angedhani kwamba huyu ni ndugu yake bubu.

Miaka michache ilipita kabla hajaniambia. Nilikwenda kumjulia hali, akanionyesha viganja vyake. Nilikuwa nimeviona mara nyingi tangu msiba ule, kovu moja pana kukatiza kila kiganja, nikadhani ni jembe.

"Hakufa mara moja," alisema. "Udongo ulimfunga lakini haukumfunika. Alikuwa anaita. Mwanzo aliita wenzake. Baadaye aliniita mimi. 'Mjomba.' Tangu mchana mpaka jua linashuka. Mwenye duara alisema asishuke mtu tena, na alikuwa sahihi, ukuta ulikuwa bado unasogea. Mimi nilikuwa na kamba. Nilikuwa naisikia inavutwa, nami naivuta. Wengine waliondoka wasisikie, mimi sikuiachia mpaka walipokuja na majembe kesho yake."

"Na wewe?"

"Sikushuka."

Mtu mwingine angenyamaza hapo, au angemshika bega. Mimi nilimwambia kwamba kosa la kutoshuka si kosa, kwa kuwa kushuka kungeongeza maiti, lakini kosa la kumdanganya mama ni kosa kila siku anapoamka akiuamini uongo huo. Nilimwambia amekata mwisho wa mtoto wa mtu kama alivyokuwa akikata mwisho wa diski. Nilimwambia dada yake anamshukuru Mungu kwa jambo ambalo Mungu hakulifanya. Maneno yalinijia kwa urahisi mkubwa, na urahisi huo ungepaswa kunitahadharisha.

"Unapenda ukweli, Mwalimu," alisema, "kwa sababu hukushika kamba."

Sikukata tamaa. Nilimrudia mara nne, tano, kwa muda wa mwaka na zaidi, na kila mara nilimwacha na sentensi moja ya kulala nayo. Nilipopata habari kwamba dada yake ameanza kuumwa, na kwamba hatapona, nilimpelekea ujumbe kwa mtu: asimwache azikwe na uongo.

Masika yalipokwisha mwaka huu nilisikia kwamba Mama Marwa amefariki na amezikwa. Nilikuwa safarini. Niliporudi nilikwenda Kemambo moja kwa moja, asubuhi, kutoa pole.

Nilimkuta nje, amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akipukuchua mahindi. Alikuwa amezeeka kwa namna ya nyumba isiyokaliwa. Nilimsalimia, akaitika, akanisogezea kigoda.

"Pole kwa msiba, mzee."

"Imekwisha kupoa." Aliendelea kupukuchua. "Nilimwambia."

Nilisogeza kigoda karibu.

"Nilimwambia kama ulivyotaka. Mwanzo mpaka mwisho, sikukata. Akauliza, aliita kwa muda gani? Nikamwambia, mpaka jua linashuka. Akauliza, alimwita nani? Nikasema, mimi." Punje zilikuwa zikidondoka ndani ya ungo. "Akageukia ukutani. Kuanzia hapo uji wangu hakuupokea. Nikiuweka anausukuma. Mpaka binti wa jirani aje. Siku kumi na moja, Mwalimu. Halafu akaagiza wanawe. Alisema siku ya kumzika, mkono wangu usitie udongo."

"Wakafuata?"

"Neno la maiti? Walifuata. Nilisimama kule kwenye migomba, na wageni."

Katika nchi yetu hata aliyegombana na marehemu kwa ajili ya mpaka wa shamba hupewa nafasi ya kutupa konzi moja ya udongo. Kumkataza ndugu wa tumbo moja ni kumwambia kwamba hakuna kilichokwisha. Nilitafuta katika yote niliyosoma neno la kumpa. Lililokuja lilikuwa kwamba ukweli una thamani yake hata unapoumiza, na nilimshukuru Mungu kwamba kwa mara moja katika maisha yangu nilifunga mdomo kabla halijatoka.

"Ile hoja ya Dereva wa Treni," alisema, akichukua hindi jingine, "ulishinda siku ile."

"Ndiyo."

"Ulishinda vizuri. Marwa alikwenda nayo mpaka nyumbani, anaisema njia nzima. 'Mwalimu amenipiga, mjomba. Jina langu, amesema. Mtu akiniita jina langu.'"

Hakusema hayo kwa kunilaumu. Alikuwa akinipa habari, kama alivyokuwa akiwapa watu wa benchi la kati. Yule wa nne, aliyebaki chini, alikuwa rafiki wa Marwa tangu wakichunga pamoja. Bila shaka alilijua jina la kuita.

Kisha akainuka, akanipeleka nyuma ya nyumba. Banda lake la kuku lilikuwa na mlango wa bati jeusi. Niliutambua mstari wa katikati. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu ila kinyesi cha kuku kilichokauka. Upande wa kulia orodha ilikuwa bado inasomeka, maana alikuwa akiipitia kwa chaki: Mama wa Gerezani, Mwenye Glovu katika nafasi yake ya tatu, na wengine chini yao. Mama wa Gerezani alikuwa ameshushwa hadi ya pili. Juu kabisa, kwa mwandiko ule ule wa herufi kubwa, paliandikwa: Mjomba.

"Sheria unaijua," alisema. "Hahukumiwi mpaka apate mtetezi. Mtetezi wangu wa siku zote hayupo. Nimemkalisha adui huyu pale juu tangu mazishi, na si haki, hajasikilizwa."

"Mzee, mimi sijawahi kutetea."

"Najua. Kila mtu na benchi lake." Alichukua fimbo iliyokuwa imeegemezwa ukutani, ya kufukuzia vicheche, akanikabidhi. "Usiseme uongo tu. Ukisema uongo nitajua. Nasoma uso."

Alirudi hatua tatu, akakaa chini, miguu ameinyoosha, mikono juu ya magoti, viganja vikiangalia juu, kama alivyotakiwa kukaa mshitakiwa. Nilisimama na fimbo mbele ya mlango wa kuku. Nimezungumza mbele ya mabaraza, mbele ya wakuu wa wilaya na maaskofu, na sikumbuki kukosa pa kuanzia. Hapo nilikosa. Nilipitia kila alichonieleza na kila nilichomjibu, nikitafuta jambo moja la kweli la kumfaa, na nikaona aibu kwa ukaribu wa jambo hilo, kwa kuwa lilikuwa limewekwa mbele ya macho yangu miaka yote nami nililidhania jembe.

"Hakushuka," nilianza. "Hilo halina ubishi. Lakini aliitwa tangu mchana mpaka jua linashuka, na wengine waliosikia waliondoka wasisikie. Yeye hakuondoka. Kamba ilipovutwa aliivuta, ili aliye chini ajue kwamba ncha ya pili ina mtu. Ilipoacha kuvutwa hakuiachia. Waliokuja na majembe kesho yake waliikuta mikononi mwake, imekula nyama."

Nilishusha fimbo. Hakuna aliyeitika, maana hapakuwa na mtu. Kuku mmoja alikuwa akiparua nyuma ya bati.

"Imesikika," alisema yeye mwenyewe, kwa sauti ndogo, bila kuinua kichwa. "Endelea."

"Pili," nilisema, "si yeye aliyemfundisha Marwa kurudi."

Hapo aliniangalia. Aliusoma uso wangu kwa muda mrefu. Kisha alisimama kwa kujikongoja, akatafuta kipande cha chaki katika mfuko wa shati, akamshusha Mjomba nafasi moja kwa kidole na mate. Nafasi ya kwanza ikabaki wazi, namba peke yake na kistari mbele yake. Alinishikisha ile chaki, akaenda kuendelea na mahindi yake.